Wa Khairiya Si Baba Mmoja

Mahira hakujaaliwa subira, na hapa Mji wa Kale asiyewahi kupigwa naye basi ni mwepesi wa mbio. Mimi jirani yake najua: nimerushiwa sufuria. Lakini vikuba vyake, vile vishada vya waridi vya kujipambia! Bibi harusi gani alitaka vya mwengine? Mwaridi ulikuwa darini, ndani ya pipa, na ndio uliompa riziki. Aliupanda mamake, Nasiha. Kakake Fuad, baba mmoja mama mbalimbali, alikuwa na mwaridi wake kule Tudor, uliopandwa na mamake, Khairiya. Mti huitwa kwa aliyeupanda: wa Nasiha, wa Khairiya.

Vita vilianzia hapo. Fuad alidai Mahira aliiba kitawi cha kwao akakiotesha, na akaapa ataufyeka. Walipigana ngazini, Mahira akang'oka jino.

Swabra, bintiye Mahira, yuko maabara ya chuo. Alichukua majani ya miti yote miwili, akasoma urithi wa zile chembe za kijani za jani, ambao mwaridi huupata kwa mama peke yake, kisha na ule wenye sehemu ya baba. Kitawi cha wizi kingelingana kwa vyote. Wa mama ulilingana, wa baba haukulingana: miti hiyo ni mama mmoja, baba mbalimbali. Mahira hakuiba!

Siku hiyo Fuad alikuwa ameshafika ngazini na panga. Swabra akaingia mbio, furaha imemjaa, akamwita mamake mtaa mzima ukasikia:

"Mama! Wa Khairiya si baba mmoja na wa Nasiha!"

Loo! Wa Khairiya ni nani masikioni mwa Fuad, kama si yeye mwenyewe? Mamake amesingiziwa zinaa mbele za watu. Alimzaba mtoto kofi, kichwa kikagonga ukuta. Mahira akashuka na mchi, akampasua paji. Fuad, damu machoni, akampiga kikumbo, akapanda darini, akaufyeka mwaridi mpaka mizizi.

Swabra aliapa alikusudia mti. Nasi tulimweleza. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki.

Mahira, asiyewahi kumnyenyekea mtu, akenda Tudor kuomba kitawi cha ule uliobaki. Nilifuatana naye, roho ikiniuma. Fuad alitoka mlangoni na bendeji kichwani.

"Kakangu, nipa kitawi kimoja, nami nipate kula."

"Mimi si kakako," Fuad akasema. "Nenda kamuombe mwana wa babako."