Mnara Nyuma ya Nyumba

Mama alipopooza upande wa kushoto, kaka zangu walikubaliana kwamba mimi, nisiye na mume, ndiye wa kurudi Kiomboi kumuuguza. Nilidhani ni kwa muda. Mvua zikaja zikapita, alizeti ikavunwa, nami bado nipo.

Nyuma tu ya nyumba yetu, mlimani, ulisimamishwa mnara wa matangazo ya televisheni. Tulifurahi. Lakini kila tulipowasha, picha iligandaganda, sauti ikakatika, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna mawimbi. Nikanunua busta ya kuongeza nguvu, hata zile picha za kuganda zikapotea. Ajabu ni kwamba kwa jirani yetu, kule bondeni, televisheni ilionyesha vizuri kabisa. Basi kila jioni nilimlisha mama uji, nikamgeuza, nikamwambia, "Mama, naenda kutazama tamthilia."

"Usikawie," alisema.

Njiani nilitembea polepole. Kwa jirani nilicheka na wanawake wenzangu, nikasahau harufu ya dawa ya kuchulia. Muda ule tu ndio uliokuwa wangu.

Kaka mkubwa alipopata habari alinihurumia, akatuma fundi kutoka Singida mjini. Fundi alimwamkia mama shikamoo, akapanda juu ya bati, akashuka akitabasamu.

"Dada, hapa mawimbi hayajapungua, yamezidi. Ndani ya king'amuzi kuna sehemu inayopunguza nguvu yenyewe, lakini ina kikomo. Mkiwa karibu na mnara namna hii inalemewa, haipati kitu. Na hiyo busta ndiyo imemaliza kabisa."

Aliiondoa busta, akaigeuza antena ikaupa mnara mgongo. Picha ikatulia. Mama alicheka kwa nusu ya uso. Sikuwa nimemwona akicheka tangu augue.

Nilimshukuru fundi, nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nilisimama mlangoni kitambo, sitaki kuingia.

Kesho yake jioni nikajifunga kanga. "Mama, nafika kwa jirani mara moja."

"Kufanya nini? Si ipo hapa?"

Alipapasa kitanda kwa mkono wake mzima, akinionyesha pa kukaa. Nikaketi. Tamthilia ilipoanza aliniuliza yule mwanamke ni nani, na mbona analia. Nikamweleza tangu mwanzo. Alinishika kiganja, akaking'ang'ania mpaka ilipokwisha. Nami sikukivuta.