Mke Wangu Anajilaumu kwa Gari Niliyoifunga Mimi

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Nanyi wasomaji, mnitukane mkimaliza kusoma, sio kabla.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, naishi Kisian na mke wangu na watoto watatu. Nauza samaki mjini Kisumu. Miaka miwili iliyopita gari yangu iliibwa mchana kweupe nje ya geti letu. Kioo hakikuvunjwa, alamu haikulia. Wiki hiyo shemeji yangu, kaka ya mke wangu, alikuwa amekaa kwetu. Sina ushahidi hata kidogo, lakini roho yangu ilimshika yeye na haijamwachilia mpaka leo.

Nilipopata gari nyingine nikawa mgonjwa wa kuogopa wizi. Usukani nafunga na chuma, funguo naweka chini ya mto, kila saa nachungulia dirishani. Mwishowe fundi akaniwekea swichi ya siri chini ya zulia la dereva. Ukiizima, mafuta hayafiki kwa injini, utajaribu kuwasha mpaka uchoke. Sikumwambia mtu, hata mke wangu, kwa sababu yeye na kaka yake hawafichani kitu. Akitaka kuendesha, mimi natangulia kuiwasha hiyo swichi kimya kimya.

Wiki jana baba mkwe alikuja kututembelea kutoka Katito, ameletwa kwa matatu na huyo huyo shemeji. Mimi nikatoka na rafiki kwa pikapu yake kwenda Dunga kuchukua samaki. Saa tano hivi mke wangu akanipigia. Mzee kifua kinambana, wanataka kumkimbiza hospitali, na gari inakataa kuwaka. Nikamsikia shemeji nyuma yake akisema, "Wacha mimi nijaribu."

Jamani, ningesema tu wainue zulia. Lakini niliposikia huyo mtu anaingia kwenye kiti changu, mdomo ukajifunga. Nikajiambia Mzee ana gesi tu. Nikasema, "Hiyo gari ina shida, achaneni nayo. Tafuteni tuktuk."

Tuktuk ilichelewa kupatikana. Mzee alikata roho kabla wafike mjini. Daktari alisema ni moyo, wangefika mapema pengine wangemsaidia. Hilo neno "pengine" halinipi raha, siwezi kukaa kwa kiti dakika tano.

Niliporudi nilibonyeza swichi bila mtu kuniona, gari ikawaka mara moja. Hapo ndipo mke wangu alipoamini kosa ni lake. Leseni yake ni ya juzi, anasema alikanyaga mafuta vibaya mpaka injini ikagoma. Dada zake wanamuuliza leseni ni ya nini. Anayemtetea ni shemeji peke yake. Mimi nimekaa pale pale matangani nakunywa chai yao.

Mazishi ni Jumamosi. Jana nilimkuta mke wangu ameandika maneno atakayosoma kaburini. Anamwomba baba yake msamaha mbele ya watu wote, kwa kushindwa kuwasha gari.

Nikimwambia ukweli, ataniuliza kwa nini nilinyamaza kwa simu, na itabidi niseme nilimdhania kaka yake mwizi. Ndoa yangu itaishia hapo. Nikinyamaza, atabeba kifo ambacho si chake mpaka azeeke.

Leo ni Alhamisi. Nishaurini haraka, nimwambie, au nisimame kando yake Jumamosi nimshikie ile karatasi akisoma?