Sanduku la Gololi la Hamisi

Sisi tuliokulia Tabora enzi zile redio ikihimiza kujitegemea kutwa kucha, michezo hatukuinunua. Tuliiunda. Mpira ulikuwa matambara, gari lilikuwa waya na visoda, na shuleni jembe lilitangulia daftari. Alhamdulillahi, hatukujiona tumepungukiwa.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikielekea ukingoni, kaka yangu Hamisi alianguka mtini porini akichuma ntalali, yale matunda yetu matamu, akavunjika mguu. Alifungwa plasta mpaka pajani. Kilichomuuma zaidi ni Idd. Watoto wote wa mtaa wangekwenda uwanjani kwenye bembea na ngoma, yeye abaki peke yake akitazama mabati ya paa.

Mimi na binamu yetu Mrisho tukaamua kumuundia mchezo wa kuchezea kitandani. Tulichukua sanduku la mbao la sabuni, tukaweka juu ubao wa mteremko, tukapigilia misumari mikuukuu tuliyoinyoosha kwa jiwe, tukatoboa mashimo ya kuangukia gololi. Cha kurushia kilikuwa kijiti na kipande cha mpira wa baiskeli. Lakini gololi ilikwamakwama. Baba alikuwa fundi cherehani, na kila siku tulimwona akipitisha uzi kwenye nta ili uteleze. Basi tukachukua masega ambayo mama aliletewa kutoka Sikonge, tukausugua ubao wote, tukauanika uani. Tulisahau kwamba nta ya baba ilikuwa imechemshwa na kuchujwa. Yetu ilikuwa bado na asali.

Kufikia adhuhuri ya kuamkia Idd, sanduku halikuonekana kwa nyuki.

“Nalichoma moto hilo!” mama akasema, kijinga cha moto mkononi.

Hamisi akapaza sauti kutoka ndani: “Mama, usichome! Waache wacheze, zamu yangu kesho!”

Baba akacheka. “Mama Hamisi, vuta subira. Hao wamefuata riziki yao. Wakishiba wataondoka.”

“Na wasiposhiba, baba mkubwa?” Mrisho akauliza.

“Utawapikia pilau.”

Tulikaa mlangoni tukiomba dua. Magharibi ilipoadhiniwa hakukuwa na nyuki hata mmoja, na ubao walikuwa wameulamba ukawa laini. Gololi iliteleza kama maji.

Asubuhi, baada ya swala, mtoto wa kwanza alikuja kumpa Hamisi mkono wa Idd. Hakuondoka. Akaja wa pili, wa tatu, na nguo zao mpya, wakipiga kelele kila gololi ilipotumbukia. Hamisi ikabidi aombe zamu kwenye mchezo wake mwenyewe.

Wajukuu zangu huniuliza, “Bibi, huo mchezo ulikuwa na levo ngapi?” Nacheka tu. Siwalaumu, kwenye simu zao ipo michezo nisiyoweza hata kuitaja. Ila mmoja wao akiugua, wenzake humtumia kijipicha cha pole, na chumba kinabaki kimya. Idd ile, mama aliwatoa watoto chumbani kwa Hamisi kwa ufagio.