Tangazo la Asali Katikati ya Darsa

Hapa kwangu Utemini, mwezi wa Ramadhani, saa kumi jioni ndiyo saa ngumu. Uji umeshabandikwa, harufu ya pilipili manga inafika hadi sebuleni, na magharibi bado iko mbali. Saa hiyo ndiyo tunayotazama darsa la televisheni. Kituo hukirusha kipindi hicho mchana, watu wakiwa sokoni na makazini, lakini mwanangu aliniletea king'amuzi kinachorekodi. Namshukuru Mungu kwa mtoto yule, na namshukuru zaidi kwa kitufe cha kurukia mbele.

Maana shehe akisema tutarejea punde, inaingia soda. Chupa inatoka jasho, mkono unaifungua, povu linapanda. Wewe umefunga tangu alfajiri na upepo wa Singida umekukausha midomo. Majirani waliokuja kutazama nami walikuwa wakipiga kelele, "Ruka, mwalimu, ruka!" Nami naruka.

Wasiokuwa na king'amuzi kama changu walikwenda kwa fundi simu, mtoto wa jirani yangu, mtu mzima mwenye mke na watoto. Alikuwa anarekodi darsa kwenye kompyuta yake, anakata matangazo yote, kisha anawauzia watu kwenye flashi. Mtaa mzima ulimsifu. Alikuwa akisema, "Darsa langu ni safi, halina soda."

Katikati ya mwezi alifika mama yake mdogo kutoka Rungwa. Mama huyu alikuwa mmoja wa viongozi wa kikundi cha wafuga nyuki huko kwao. Aliingia kwangu na vumbi la safari bado likiwa kwenye kanga, akiongozana na huyo fundi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wachange ili asali yao itangazwe kwenye televisheni mwezi huu ambao watu wanatafuta asali. Wengi walisita. Walikuwa wamezoea mchuuzi anayekuja na ndoo zake na kutaja bei anayotaka. Mama akawaambia, tujaribu mara moja. Wakachanga, kijana wa kamera akawapiga picha mizingani, kituo kikapokea malipo. Kwa kuwa pale kijijini hawalipati darsa hilo, wanakikundi waliwapigia simu ndugu zao walioko Utemini: mmemwona? Ndugu wote wakajibu hawajaona kitu. Darsa wanatazama kila siku, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na asali hakuna.

"Sasa wanasema nimekula hela yao," alisema. "Mwenyekiti hajasema. Ila jana nilipita kisimani wanawake wakanyamaza. Mwalimu, wewe hukosi darsa. Umeniona?"

Mimi sisemi nimeona nisichokiona. Nikamwambia sijamwona.

Fundi akadakia, "Mama mdogo, kituo kimewatapeli! Mimi hilo darsa nalipitia kila siku kwa mkono wangu, tangazo lenu silijui."

Yule mama akamgeukia. "Unalipitiaje?"

"Nalipitia kwa kulikata. Picha ya shehe ikiondoka nakata, ikirudi naunganisha. Sauti siweki hata kidogo, kazi iende haraka."

Alipomaliza kusema hivyo alifunga mdomo mwenyewe. Mkwe wangu, mwanasheria aliyekuwa amekuja kumsaidia mama watoto kuandaa futari, alitokeza kichwa mlangoni akiwa na mwiko.

Nikachukua rimoti. Nilirudi kwenye darsa la juzi, nikaliacha liende kwa mwendo wake. Soda ikapita. Ikapita sabuni. Kisha ukatokea mti wenye mizinga, moshi mwembamba, na mwanamke amefunga mtandio wa kijani. Akasema asali ya Rungwa haina maji wala sukari, akataja namba ya simu, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Akaondoka. Shehe akarudi.

"Ni mimi," alisema mama. Akakaa chini kwenye mkeka. "Umenikata wewe, mwanangu. Kila siku ya Mungu umenikata."

"Astaghfirullah," fundi alisema. "Ungejikohoza basi, mama mdogo, nikakusikia."

"Na wewe si umesema sauti huweki!"

Tulicheka, hata yeye, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Kisha fundi akaniuliza kama ametenda dhambi, na kama mimi ninayeruka matangazo niko naye kwenye kosa moja. Nilimwomba mkwe wangu aseme upande wa sheria.

"Baba, hakuna sheria inayokushikilia macho mbele ya tangazo," alisema. "Umerekodi kwa ajili ya nyumba yako, ukaruka, hujamwibia mtu. Shemeji hapa ni jambo lingine. Anachukua kipindi cha wenyewe, anakikata, anakiuza. Hakimiliki ni ya kituo."

"Hata darsa?" fundi alilalamika. "Hiyo si dini jamani?"

"Hata darsa. Dini ni ya Mungu, kipindi kina mwenyewe."

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa madrasa kwamba kitu cha mtu hakiguswi bila ridhaa yake. Sikuwahi kufikiri kwamba picha inayopita hewani nayo ina mwenyewe. Lakini nilipomtazama yule mama nilielewa upesi. Nilimwonea huruma fundi pia, kwani alikuwa na nia ya kutuepusha na kiu.

"Kwa hiyo nifunge kibanda?" aliuliza.

Mkwe wangu akamuuliza mama, "Tangazo lenyewe ni la nani?"

"Letu. Kijana wa kamera alitukabidhi, ninalo humu kwenye simu."

"Na ukimruhusu mtu aligawe?"

"Mwanangu, si ndicho ninachoomba!"

"Basi, shemeji," alisema mkwe wangu, akimwelekezea mwiko, "ulichokuwa unakitupa ndicho pekee unachoweza kumpa mtu leo bila woga."

Tulimpigia simu mwenyekiti wa kikundi, tukaweka sauti ya juu. Ilibidi asubiriwe apande kwenye kichuguu anakopata mtandao mzuri. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mwalimu wa madrasa na niko kwenye saumu, na nimemwona mama huyu kwa macho yangu akinadi asali yao, na sababu ya ndugu zao kutomwona ni hii na hii. Mkwe wangu akashuhudia baada yangu. Kule upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. Yule mama alikuwa ameushika mkono wa mpwawe na kuubana.

"Mwalimu, sisi hatukusema ameiba," mwenyekiti alisema. "Tulikuwa tunauliza tu."

"Basi mmeshajibiwa," nilimwambia.

Fundi akaomba simu ya mama, akawatumia wanakikundi lile tangazo palepale. Kesho yake aliligawa bure kibandani, na waliotaka darsa akawaelekeza waje kwangu. Sebule ilijaa hadi barazani, na mimi hufurahi kuwa na wageni.

Ila jioni ileile ya kumpigia mwenyekiti, tukiwa bado tunangoja adhana, tende hazijaguswa kwenye visahani, simu ya mama ikaita kutoka Rungwa. Wanawake walikuwa wengi, wanazungumza kwa pamoja. Wameliona tangazo.

"Mbona umesema haraka hivyo, utadhani unafukuzwa na nyuki?" mmoja aliuliza.

"Na mtandio huo!" mwingine akadakia. "Ule mpya ulikuwa unamtunzia nani?"

Mama akaanza kujitetea kwa sauti kubwa kuhusu mtandio, akicheka, akanyanyuka kwenda kuongea nao uani.