Mwanamke Aliyetaka Nimpulizie Jiwe

Sitaapa, kwa sababu nimeona watu wakiapa huku wanadanganya. Nitasema tu kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu, uji wa moto tumboni, na jua limekwisha kuchomoza. Kama ulitarajia usiku wa manane na bundi, samahani. Lilitokea asubuhi. Nadhani ilibidi liwe asubuhi, maana kwa mwanga wa kandili rangi ya jiwe hudanganya.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, cheti bado kinanukia wino. Kufundisha kulinitisha. Nilijiuliza: mtoto akiniuliza swali nisilolijua, je? Basi nikatafuta kazi ya kuchambua mawe katika mgodi mmoja wa almasi huku Shinyanga, nikapanga chumba Songwa, kijiji cha jirani. Baba, ambaye maisha yake yote alichimba dhahabu kule Geita, alinicheka. "Dhahabu unaing'ata ukajua. Hizo chupa zenu utazijuaje?"

Aliyenifundisha kuzijua ni Mzee Kulwa, mchambuaji wa siku nyingi. Siku ya kwanza alinipa chembe mbili, moja ya chupa na moja ya almasi, akaniambia nizipulizie kwa pumzi ya kinywa. Ukungu ulitanda juu ya zote mbili. Kwenye chupa ulikaa. Kwenye almasi ulitoweka kabla sijapepesa jicho.

"Umeona?" akasema. "Chupa huukumbatia. Almasi huutema."

Mawe mengi tuliyochambua yalikuwa meupe kama maji, au ya rangi ya chai iliyochujuka. Katika miezi saba ya kwanza niliona moja tu la rangi ya waridi, dogo kama punje ya uwele, na wote chumbani waliacha kazi kuja kulitazama. Mzee Kulwa aliliita "pua ya ndama", kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuona ua lenyewe la waridi. Alituambia kwamba huko Ulaya wanawake wa kitajiri huvaa almasi nyeupe bila kushangaana, lakini mmoja akiingia ukumbini na ya rangi kidoleni, wengine huficha mikono. Kwa nini kitu chenye rangi kiwe ghali kuliko kilicho safi? Niliwaza swali hilo siku tatu nzima. Mzee Kulwa alijibu kwa neno moja, akimaanisha kwamba ni adimu: "Haionekani."

Lazima ujue na jambo hili. Kukutwa na jiwe ghafi nje ya mgodi ilikuwa jela. Na tulikuwa tukinong'onezana kwamba askari kanzu hutumwa kutujaribu, wamevaa kama wakulima. Mimi niliwashuku wote: muuza karanga, fundi baiskeli, hata mwenye nyumba wangu.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kipupwe, baridi ya kuuma masikio. Kwenye njia ya miguu itokayo Maganzo, mji mdogo wa wanunuzi wa mawe, alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, amejifunga kaniki.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia, yaani mama. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Wewe si ndiye mchambua mawe?"

Niambie, alijuaje? Sikuvaa sare. Sikuwa na kitu mkononi. Moyoni nikasema: huyu ni askari kanzu.

Kabla sijajibu alifumbua ngumi. Naamini sikuwa nikiota: lilikuwa jiwe la ukubwa wa punje ya hindi, na rangi yake ilikuwa pua ya ndama kabisa. Jiwe la namna hiyo mtu anaweza kuchambua hadi anastaafu asilione.

"Sikuuzii," akasema. "Nataka neno moja tu. Ni almasi au ni chupa?"

Alisema aliliokota akilima karanga. Mumewe alishangilia, akamtuma Maganzo kwa mnunuzi. Mnunuzi akacheka, akasema almasi ni nyeupe, yenye rangi ni chupa. Yeye akarudi nalo nyumbani. Mumewe akasema ameuza lile la kweli na kuleta chupa badala yake, akamwita mwizi mbele ya watoto, akamfukuza. "Ni hili hili, baba. Sikulibadilisha. Nikipata neno la mtu aliyesoma nitarudi nimwambie."

Mimi nilikuwa napiga hesabu zangu. Nikisema almasi, nimekiri kuiona na sikutoa taarifa. Nikisema chupa, niko salama. Mikono nikaifungia mfukoni.

"Lipulizie mwenyewe," nikamwambia.

Akapuliza. Hakuna ukungu uliotanda, hata kidogo. Nikajisemea: limeutema upesi kuliko jicho langu.

"Chupa," nikasema.

"Chupa?"

"Ya dawa, mayu. Au ya soda."

"Mbona halikushika ukungu?"

Hapo shaka ikawa hakika. Mkulima wa karanga amejifunzia wapi mambo ya ukungu? "Kwa baridi hii," nikajibu haraka, "hata kioo hakishiki." Nikavua miwani, nikaipulizia ili kumthibitishia. Ikajaa ukungu mpaka sikuona kitu. Ndiyo, najua. Mtu mwenye cheti.

Akacheka. "Baba, umesoma kweli. Hebu lete."

Nikaifuta, nikampa. Alipanua kinywa kama anayepasha vidole moto, akaipulizia mara mbili, karibu kabisa na mkono wangu. Sikusikia joto. Vioo vilibaki safi, bila ukungu.

"Unaona?" akasema. "Kwangu hata chupa ni almasi. Siwezi kujipimia. Wewe una pumzi. Pulizia mara moja, useme kweli, niende."

Je, nilielewa wakati ule ule? Hapana! Utashangaa, bado nilikuwa nawaza askari kanzu. Nikafikiri labda wamefundishwa namna ya kutopumua. Kisha nikatazama kinywa chake kilichokuwa wazi, kikavu kama chungu kilichosahauliwa juani, kisichotoa pumzi, ndipo nikaelewa.

"Ni chupa!" nikapiga kelele, nikimpokonya miwani. "Halina hata rangi!"

Nilikuwa nimekwisha kugeuka kukimbia niliposikia sauti yake, ya chini, bila hasira.

"Halina rangi? Basi usiione."

Nilimsimulia Mzee Kulwa nikihema. Aliniuliza kama yule mwanamke alivaa kaniki. Akasema mwanamke huyo alikufa kwa homa kwenye njia hiyo zamani, watu walipoanza tu kuokota mawe huku, baada ya kufukuzwa na mumewe. Ngumi yake iligoma kufumbuka, wakamzika nayo hivyo hivyo.

"Ulimwambiaje?"

"Chupa."

Aliweka kibano mezani. "Basi sasa ameambiwa mara mbili."

Wiki iliyofuata nililitupa jiwe jingine la waridi kwenye fungu la meupe, nikilidhani jeupe. Mzee Kulwa aliliokoa. Miezi kadhaa baadaye nilifanya tena, na mara hii msimamizi aliona. Akadhani nayaficha humo ili niyaibe baadaye. Nilifukuzwa. Daktari alinipima macho, akasema ni mazima. Nyekundu naiona, kijani naiona. Ile moja tu ndiyo siioni. Mahali pake naona weupe mtupu. Siku ya arusi yetu mke wangu alivaa gauni ambalo wageni walilisifu kwa rangi yake, nami nikaitikia kwa kichwa kama mwongo.

Siku hizi nafundisha. Wakati mwingine namshuku hata Mzee Kulwa, kwamba pengine alitunga yote ili anitishe. Lakini macho yangu hakuyatunga yeye. Nimerudi kwenye njia ile asubuhi nyingi za baridi, nikasimama nikisema kwa sauti, "Ni almasi, mayu, tena ya waridi, hukuibadilisha." Wapita njia hunikwepa. Yeye hajaja.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Mtu usiyemjua akikuomba neno ambalo unalijua, nawe ukamwogopa, nyamaza. Kimbia, ukitaka. Lakini usimpe uongo kwa jina la elimu yako. Huwezi kujua ametembea miaka mingapi akilitafuta neno hilo.