Mfungo wa Rıfkı, Mlinzi wa Nyasi

Manispaa inawatangazia wananchi wote kwamba Bustani ya Ufukweni ya Kavaklı ni mahali pa familia, baiskeli, tiara na hewa safi, na kwamba kuanzia Jumapili hii ni marufuku tena, na safari hii kabisa, kuwasha mkaa juu ya nyasi zake. Tangazo hilo liliandikwa kwenye bango la bati pana kama mlango, likasimikwa kando ya maji, likiutazama mji wa Izmir ng'ambo ya ghuba.

Kulitekeleza aliachiwa Rıfkı, mlinzi wa bustani, mtu mpole mwenye filimbi. Siku zote Rıfkı huenda kuzima majiko akarudi ameshiba. Watu wa pwani ile wana sharti lao: aliyenusa nyama lazima aonje, na aliyekula mabawa ya kuku wako hawezi kukutoza faini na mafuta yangali kidevuni. Safari hii bosi wake, Bwana Cevdet, alimwonya: "Nikiona moshi, nakurudisha maegesho ya chini ya ardhi." Rıfkı alimaliza kule nusu ya ujana wake, bila kuona bahari. Hakutaka kurudi.

Jumapili asubuhi akamkuta Bibi Münevver, ameketi na ukoo wake mzima karibu na bango, keshapanga mabawa juu ya wavu.

"Bibi, zima moto."

"Onja kwanza, mwanangu. Njaa ndiyo inayokununisha."

"Siwezi. Nimefunga."

"Umefunga? Julai hii?"

"Nalipa siku zangu za Ramadhani."

Orhan, mkwe wa Bibi, akacheka. "Ramadhani si nilikuona nyuma ya vyoo unatafuna mkate wa ufuta?"

"Ndizo hizo ninazolipa."

Bibi akamwagia makaa maji. "Mtu kafunga, nasi tumchomee nyama puani? Hapana!"

Habari zikaenda mbio kuliko baiskeli. Kufika adhuhuri hapakuwa na moshi bustani nzima. Watoto walirusha tiara, akina baba wakatupa ndoano, akina mama wakabangua mbegu za alizeti wamenuna kama watu walioahidiwa nyama wakalishwa jibini baridi. Rıfkı akampigia simu bosi kujisifu. Bosi akaahidi kuja jioni na mpiga picha. Kwa furaha Rıfkı akaenda nyuma ya vyoo, akala mkate wa ufuta.

Alisahau kwamba mfungo una mwisho, na kwamba kumfuturisha mtu kuna thawabu. Jua lilipoinama, vita vikaanza.

"Mfungaji ni wangu! Mimi ndiye niliyezima wa kwanza!" alipaza sauti Bibi.

"Wewe una mabawa tu, mimi nina kofta za nyama ya kusaga!" akajibu jirani.

Kila familia ikawasha jiko. Izmir ikatoweka kwa moshi.

Bwana Cevdet akashuka garini anakohoa. "Rıfkı! Nini hiki?"

"Taratibu, mwanangu," akasema Bibi Münevver. "Mtu hajala tangu alfajiri. Utamzimia futari yake?"

Bosi akamgeukia mpiga picha. Huyo naye tayari alikuwa na bawa mkononi. Adhana ikaita. "Kula," bosi alimwambia Rıfkı, ameuma meno. "Kula haraka." Bosi mwenyewe akatiliwa kofta kiganjani, maana alikuwa amenusa.

Rıfkı hakurudishwa maegeshoni. Ila sasa, ili mchana usionekane moshi, kila Jumapili hufunga, na hufunga kweli, kwani Bibi amemweka mjukuu nyuma ya vyoo amchunge. Bango bado lipo. Upande wake wa nyuma haufikiwi na upepo wa bahari, ndipo wanapowashia mkaa.