Maarifa ya Kuambiwa

Mwaka ule nilijiandikisha darasa la jioni la falsafa, mara moja kwa wiki, kwenye maktaba iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka duka la mtaa wa Tooting, huku ughaibuni, ninakopunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Nilikuwa na miaka hamsini na minne na nilikuwa nimechoka kusikiliza cherehani peke yake. Mwalimu, mzee mwembamba wa Kiingereza aliyependa kufumba macho akizungumza, alitupitisha kwa Wazungu wa karne ya kumi na saba na ya kumi na nane waliobishana maisha yao yote juu ya swali moja: mtu anajuaje anachokijua?

Mimi na mabwana hao hatukupatana tangu mwanzo. Kulikuwa na Mfaransa aliyekaa karibu na moto akijiuliza kama mikono yake ni yake kweli au anaota. Kulikuwa na Mwingereza aliyeshikilia kwamba mtoto huzaliwa akili yake ikiwa karatasi tupu, na kila kinachoandikwa humo huanzia kwenye macho, masikio na ngozi. Huyo nilimvumilia. Aliyenipandisha mori ni Mholanzi mmoja, msugua lenzi, aliyeyapanga maarifa kwa madaraja. Daraja la chini kabisa akaweka maarifa ya kuambiwa, na mfano aliotoa ni siku uliyozaliwa na wazazi wako ni akina nani. Hayo unayo kwa kusikia tu, hata kama hujawahi kuyatilia shaka.

Nilinyoosha mkono nikamwambia mwalimu kwamba bwana huyo hakuwa na adabu. Kwetu mtoto akiuliza atajuaje kama huyu ni mama yake, anakula kofi. Darasa likacheka. Mwalimu akafumbua macho, akaniuliza kwa upole mimi mwenyewe nilijuaje. Nikasema mama yangu nimemwona kwa macho haya.

"Ulimwona akikuzaa?" akauliza.

Nilirudi nyumbani nimenuna.

Wiki ileile nilikwenda kwa daktari wa macho, maana nilikuwa nimeanza kugonga bega la kushoto kwenye milango na kuwakanyaga watu ndani ya treni. Kila nilipopimwa miwani jijini humu niliulizwa kama mama au baba ana presha ya macho, nami kila mara nilijibu hapana bila kufikiri. Mama alikufa na miaka themanini akiwa bado anatia uzi kwenye sindano mwenyewe. Mdogo wake ndiye aliyepofuka, lakini mama mdogo sikuulizwa.

Daktari alinikalisha mbele ya mashine, nibonyeze kitufe kila nikiona kinuru. Vingine nilibonyeza kwa kubahatisha, kama mwanafunzi mvivu. Mashine haikudanganyika. Upande wa kushoto pembeni palikuwa pamekwenda, na daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, tutatumia matone kulinda kilichobaki. Akaongeza kwamba laiti ingejulikana mzazi wangu alikuwa nayo, ningepimwa kila mwaka na ingewahiwa mapema. Nami naishi kwa kuona mshono.

Nilimpigia kaka yangu Mombasa kulalamika. Nikamuuliza maradhi haya nimeyatoa wapi, na mama aliona mpaka mwisho.

"Si ya mamako mdogo hayo?" akasema.

"Mimi na mama mdogo wapi na wapi?"

"Kwani wewe hukujua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba yeye ndiye aliyekuzaa. Alimpa mama akulee, mama alipofiwa na binti yake. Wewe ulikuwa bado wanyonya. Sote twajua."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Tena kuzaa si kazi, kazi ni kulea."

Nilimkatia simu. Methali hiyo ni ya kweli, na siku ile niliichukia. Sikumchukia aliyenilea, Mungu amrehemu, wala sikumkana. Lakini mtaa mzima ulijua, mpaka muuza maziwa pengine, na mimi nilikuwa nikijaza fomu mji huu kwa herufi kubwa na kwa uhakika wa kipumbavu. Nilimkasirikia kaka. Nilijikasirikia mwenyewe. Nilimkasirikia zaidi yule msugua lenzi, kwa sababu alikuwa ameshinda.

Kisha nikakaa kuandika insha ya mwisho wa darasa, na hasira ikageuka upande. Mholanzi na wenzake walibishana kama tutegemee akili au milango ya fahamu. Akili yangu, hata ningeikamua vipi, isingefika kwa mama mdogo. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakifa. Kitu pekee ambacho kingeniokoa ni hicho walichokitupa chini, neno moja la kuambiwa, na hakuna aliyelitamka. Niliandika hivyo kurasa nne. Mwalimu akazirudisha na maneno mekundu kwamba nimechanganya hoja na hasira. Ni kweli, nilichanganya.

Siku iliyofuata nilimpigia mama mdogo. Nilikuwa nimepanga maneno makali, na nilitaka yamuume. Nikamwambia kaka amenieleza, na nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Nilimuahidi dada," akasema. Nilisikia akitafuta mahali pa kukaa, mkono ukipapasa kiti. "Siku ile ya kukutoa nilikutazama kutwa. Nilikuwa nikiona vizuri wakati huo. Mpaka leo naijua sura yako ya siku ile, ya sasa siijui."

Nikainuka, nikaenda dirishani na simu sikioni.

"Tangu giza liniingie naomba Mungu jambo moja tu," akaendelea. "Kwamba haya macho sikukupa. Niambie kweli. Waona?"

Nilikuwa nimesimama dirishani, na nusu ya kushoto ya barabara sikuiona mpaka nilipogeuza kichwa.

"Naona, mama," nikasema. "Naona vizuri."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaniamini.